Mwanga wa Kila Gemu

Baba aliniuliza kwa nini nimezima kompyuta. Sikuwa nimeizima. Ilikuwa inawaka mbele yake, umbali wa mkono mmoja, mwanga umepandishwa hadi mwisho, na lori alilokuwa akiliendesha kwenye gemu lilikuwa bado linanguruma katika spika. Nyuma ya kiti chake alisimama mtani wake, ameshika kadi ya harusi ya rangi ya maruni aliyoiokota mezani kwangu. Alikuwa ameikinga mbele ya jicho la kushoto la baba, karibu kabisa lakini bila kumgusa. Jicho la kushoto tu. La kulia lilikuwa wazi, linaitazama skrini.

"Mwanangu, washa bwana," baba alisema. "Nimebakiza kidogo nifike mizani."

Mtani wake hakucheka. Huyo ni mtu anayecheka hata msibani. Aliishusha kadi taratibu, akairudisha mezani, akanitazama.

"Umeona?" aliniuliza.

Ilikuwa saa kumi alasiri, mapazia yamefungwa kama baba anavyopenda anapocheza. Lori lilikuwa limeshaingia mtaroni. Baba alipepesa macho, akaliona, akasema breki zimekataa.

Nitayaeleza haya kwa mfuatano wake. Niliyaandika yote wakati yanatokea, tena kwa mwandiko mzuri, na hayakunisaidia kitu.

Ninaishi na wazazi wangu Lindi mjini. Ninabuni kadi za harusi, mabango ya maulidi, fulana za timu za mtaani. Kompyuta yangu iko sebuleni kwa sababu ndiko kwenye feni. Baba alikuwa dereva wa lori tangu zama ambazo njia ya kwenda Dar ilikuwa ya udongo, na masika ikikaza lori lililala Nangurukuru wiki nzima, mizigo ikiota ukungu. Alipoacha kazi alirudi kwenye mikorosho yetu Mtama, akabaki na pikapu kuukuu ya kwendea shamba. Lakini mguu wake haukuacha. Akikaa kwenye kochi, utauona unakanyaga mafuta hewani.

Nikamwekea gemu ya malori na kumtafutia usukani wa mtumba unaochomekwa kwenye kompyuta. Nilidhani ataichoka baada ya siku mbili. Akaicheza kama mtu aliyerudishiwa kazi. Hakuicheza na kandambili. Alivaa viatu kwanza. Akikaa tu, mama husema kutoka jikoni, "Haya, mwenzangu anasafiri, mpeni maji ya njiani." Naye hujibu bila kugeuka, "Mwambieni nitamletea viazi kutoka Mbeya."

Baadaye nikamwongezea gemu ya mpira, na nyingine ya mtu anayetafuta njia ndani ya pango. Ya pango aliipenda kwa sababu haina haraka.

Tatizo lilianza na mwanga. Siku moja aliona barabara ya usiku kwenye gemu imekuwa giza mno, akabonyeza vitufe vya skrini mpaka mwanga ukafika mwisho, kisha akaenda kuswali. Mimi nilikaa nikaendelea na kadi za harusi bila kujua. Skrini ikiwaka kupita kiasi, rangi unayoiona si rangi utakayochapa. Nilipunguza maruni hadi ikaonekana sawa machoni pangu, na kadi zikatoka nyeusi kama masizi. Mama wa bibi harusi alizishika kwa ncha za vidole. "Hii ni kadi ya harusi au ya arobaini?" aliuliza. Nilizirudia zote.

Kuanzia hapo nikaweka programu ndogo inayotambua gemu ipi imefunguliwa. Kila gemu nikaipa mwanga wake. Ikifunguliwa, skrini inapanda yenyewe hadi kipimo nilichokiweka. Ikifungwa, inarudi kwenye mwanga wa kazi yangu. Baba akapata mwanga wake, mimi nikabaki na wangu, na hatukugombana tena. Kwa kuwa napenda mambo yakae sawa, nilifungua daftari. Safu ya kwanza jina la gemu, ya pili kipimo cha mwanga kati ya sifuri na mia, ya tatu sababu ya kukibadilisha.

Siku ya kwanza niliandika: Malori, arobaini. Mpira, thelathini na tano. Pango, hamsini.

Sikujua kwamba nimejifungia nje. Kabla ya hapo, kila alichokifanya baba kwenye skrini kilinikuta mimi pia. Akiongeza mwanga, macho yangu yaliuma na kadi zangu ziliharibika. Baada ya hapo hakuna kilichonifikia. Akifunga gemu, mwanga wake unaondoka naye. Ningekuwa mvivu zaidi, ningemjua baba yangu mapema zaidi.

Alianza kuomba kidogo kidogo. "Ongeza nywele moja." Nikaongeza, nikaandika. Malori, hamsini. Sababu: jua la dirishani. Ndipo tukaanza kufunga mapazia. Malori, sitini. Sababu: salfa.

Hii ya salfa lazima niieleze, maana ndiyo iliyotulaza usingizi. Kwetu mikorosho hupuliziwa unga wa salfa kila mwaka kabla ya mavuno, ili ukungu usiue maua. Pampu inanguruma mgongoni, vumbi la njano linapanda juu ya miti na kushuka juu ya watu. Msimu huo Mtama nzima ina macho mekundu. Mtu akikuambia macho yanamwasha, unamuuliza amepulizia miti mingapi. Hakuna anayemuuliza kama anaona. Baba alirudi shambani macho yamevimba, na shangazi akamwita binti yake anayenyonyesha amkamulie matone mawili ya maziwa machoni, kama tunavyofanya tangu zamani.

"Fumbua, mjomba."

"Nafumbua wapi na wewe umenilenga puani?"

"Tulia basi! Mtoto wangu analia kidogo kuliko wewe."

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza. Macho yakatulia baada ya wiki moja, wekundu ukaisha, sote tukasema amepona. Kilichokuwa kinaendelea nyuma ya wekundu hakikuwa na rangi wala maumivu.

Pango, sabini na tano. Sababu: skrini inazeeka. Malori, themanini. Sababu: skrini inazeeka. Mpira aliuacha, alisema wachezaji wa siku hizi hawana nidhamu, mpira unawatoka miguuni na kupotea. Nikaandika: ameichoka. Pango, mia. Nilipita nyuma yake siku hiyo na kuona kuta za pango nyeupe kama unga wa muhogo, hakuna kivuli hata kimoja cha kumtisha mtu.

"Baba, umeufuta usiku wote," nilimwambia.

"Usiku wa nini na umeme tunao?"

Nikacheka tena. Nikihesabu vizuri, katika habari hii yote mimi kazi yangu ilikuwa kucheka na kuandika.

Kulikuwa pia na kioo cha pembeni cha pikapu, cha upande wa kulia. Kilirudi kutoka Mtama kimevunjika. Baba alisema bodaboda alimpangusa akakimbia. Kijiweni Mingoyo watu waliwalaani bodaboda wote kwa pamoja, na mama akawalaani peke yake jioni yake. Sikwenda kuuliza. Mimi ambaye huuliza mama wa bibi harusi mara tatu kama jina la mkwe lina herufi moja au mbili, sikwenda kuuliza.

Mtu mmoja alisema, na alisema mapema.

Mtani wa baba ni mtu wa Kipatimu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na juu ya hapo yeye alikuwa utingo wa baba kwa miaka mingi, akilala juu ya shehena na kuweka mawe nyuma ya magurudumu mlimani. Mtani ana ruhusa ambayo hata kaka hana. Anaingia kwako bila hodi, anachukua kuku wako, anamtukana marehemu wako mbele ya jeneza, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mkosaji ni wewe. Hiyo ndiyo heshima ya utani, nami nimekua nikiipenda. Nilichokuwa sijakitazama ni upande wake wa pili: kwa kuwa maneno yake hayaruhusiwi kuuma, hayaruhusiwi pia kuaminiwa.

Mara ya kwanza alikaa kwenye mkeka, kahawa mkononi, akamtazama baba akilipitisha lori kwenye mji wa kwenye gemu.

"Mtani, umemgonga mzungu wa watu."

"Wapi?"

"Hapo kulia. Kalala. Kofia yake ile."

"Huyo kajirusha mwenyewe."

"Wewe ni kipofu, bwana. Gari unaliendesha kwa harufu."

Tuliangua kicheko, baba zaidi ya sote. Mara ya pili ilikuwa sikukuu, nyumba imejaa, na mtani akatangaza mbele ya wageni kwamba ameacha kupanda pikapu ya baba kwa sababu bado ana watoto wanaomtegemea. "Huyu jicho la kulia kaliuza mnadani pamoja na korosho," alisema. Wageni wakapiga makofi. Shangazi akamjibu kwamba yeye ameuza akili, tena kwa mkopo. Mara ya tatu alinifuata mimi, nikiwa nakata kadi, akaniambia, "Mpeleke baba yako hospitali, haoni." Nikamjibu, "Baba mdogo, wewe utazikwa unatania." Alikunywa maji, akaondoka. Siku hiyo nilibadilisha mwanga wa malori kuwa mia, na kwenye safu ya tatu nikaandika tena: skrini inazeeka.

Ndiyo maana siku ile akaiokota kadi.

Nilimuuliza baadaye, tukiwa kwenye benchi la hospitali, kama alipanga. "Nilipanga," alisema. "Maneno yangu nyumbani kwenu hayana mnunuzi. Nikasema basi nitumie mkono." Kisha, kwa kuwa kimya kilikuwa kimemshinda, akaongeza, "Na kadi yenyewe rangi mbaya." Nilitaka kucheka nikashindwa. Naye aliona, akageuka kutazama ukuta.

Daktari wa macho alikuwa kijana mpole, anaongea taratibu. Alimfunika baba jicho moja, akamwambia asome. Akamfunika la pili. Akapima presha ya macho, akatazama ndani kwa taa yake kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Alitueleza kwamba presha imekula mshipa wa jicho la kulia kidogo kidogo, kuanzia pembeni kuja katikati, na kwamba mgonjwa mara nyingi hajui kwa sababu jicho zima humfichia mwenzake. Lililopotea halirudi. La kushoto nalo limeguswa, lakini lililobaki linaweza kulindwa kwa dawa ya matone. Halafu akamuuliza baba kama aliwahi kuona anahitaji mwanga zaidi kuliko wenzake.

Baba alinitazama mimi.

Nililitoa daftari mkobani. Sijui kwa nini nilikuwa nalo. Labda nilitaka mtu alisome. Daktari alipitisha kidole kwenye safu ya pili, kutoka arobaini hadi mia, kurasa tatu. Alisema hajawahi kuletewa rekodi nzuri namna hii. Alisema kama angeiona ilipofika sitini. Hakuimaliza sentensi. Safu ya tatu aliisoma, akalifunga daftari, akanirudishia.

Alimkataza kuendesha gari mpaka arudi kupimwa upya.

Tulipofika nyumbani, baba alivua viatu, akakaa kwenye kochi, na mguu wake haukukanyaga chochote. Nikamuuliza.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua moja limepungua. Nani wa umri wangu hana jicho lililopungua?"

"Na kioo cha pikapu?"

Alivitazama viatu alivyovua. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Lilikuwa tela la trekta," baba alisema hatimaye. "Limesimama kando ya njia, kulia kwangu. Halikuwa linakwenda popote."

Mama aliiweka sufuria chini, palepale sakafuni.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Ningesema ungeninyang'anya ufunguo," alijibu. "Nikiomba mwanga, huo hukuninyima hata siku moja."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayeshukuru. Sijapata kusemwa vibaya kuliko pale.

Dawa anatiwa na mama, kila siku baada ya magharibi. Mwanzoni alikubali kila kitu. Ufunguo wa pikapu aliutundika mwenyewe kwenye msumari karibu na kalenda. Siku ya kurudi hospitali ilipofika, korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Alisema atakwenda akitoka shamba. Alikwenda shamba kwa basi, akarudi analalamika, na hospitali hakwenda. Ya pili ikapita hivyohivyo. Nikauona msumari hauna kitu. Nilipouliza, alisema ufunguo ulikuwa unashika kutu.

Ndipo nikafanya jambo la kijinga. Nilitaka kujua jicho la kushoto limefikia wapi, na hospitali haendi. Nikafungua ile programu bila kumwambia, nikaurudisha mwanga wa malori kwenye kipimo cha siku ya kwanza. Arobaini. Nikasema moyoni, akishindwa kuiona barabara, atakubali mwenyewe kwamba haoni, nitamshika mkono twende.

Alivaa viatu, akakaa. Mama alikuwa mlangoni, mtani kwenye mkeka. Barabara ilikuwa ya usiku, tena ya mvua. Mimi mwenyewe niliona kwa shida mstari wa pembeni. Baba alitoka kituoni, akashusha gia mlimani, akampisha basi kwenye daraja jembamba, akapunguza kabla ya tuta ambalo mimi nililiona baada ya yeye kulivuka. Alifika mizani bila kugusa kitu. Hakukunja uso hata mara moja.

"Leo mwanga umekaa vizuri," alisema. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

Nilimtazama mtani. Hakukuwa na mwingine ambaye angesema kweli.

"Mtani," naye alimwambia baba, "hiyo njia unaijua hata ukiwa umezikwa."

Hakuna aliyecheka. Baba naye hakucheka, na hilo nililiona. Huenda dawa imelinda kilichobaki, na jicho la kushoto linaona vizuri kuliko nilivyodhani. Huenda mikono yake imeikariri barabara ile kwa kuipita mara nyingi mno, kama ilivyokariri ile ya Nangurukuru, na wala haikuhitaji macho. Gemu ni ileile kila siku. Tuta halihami, basi linatokea darajani palepale.

Nilimwomba ufunguo jioni ileile. Nilimwomba kwa adabu, nimepiga magoti kama nilivyofundishwa.

"Si umeona mwenyewe?" aliniambia. "Mbele ya mashahidi. Tairi halikugusa hata majani."

Sikuweza kumwambia nilichokifanya kwenye mwanga. Ningemwambia, angekuwa na ushindi mkubwa zaidi: ameendesha gizani na hakukosea. Kipimo changu kimekuwa leseni yake.

Jumamosi atakwenda Mtama kuchukua magunia, na amesema hatapanda basi. Mtani amesema atakwenda naye, akae upande wa kushoto, awe utingo wake kama zamani, amsomee njia. Alisema hivyo akicheka. Sijui kama ametania.

Nimeandika kwenye daftari: Malori, arobaini. Safu ya tatu bado sijaijaza. Ufunguo uko kwenye mfuko wa shati lake, na leo ni Alhamisi.